Ubeti wa Tatu Haukuwa Wake

Mwalimu wetu wa kwaya hakuweza kusikia mlango ukigongwa akaendelea na alichokuwa akifanya. Awe anakula, awe anaomba, awe amesimama mbele yetu mikono juu na sauti zote nne zikimfuata, akisikia mlango unapigwa alishusha mikono, akapita katikati yetu, akafungua mwenyewe na kutazama nje, kushoto na kulia. Mara nyingi hakukuwa na mtu. Jirani wa kanisa letu katika mtaa wa Satellite hapa Nairobi ni fundi wa kuchomelea mageti, na nyundo yake haina adabu wala ratiba. Mwalimu aliijua nyundo hiyo kama tulivyoijua sisi sote. Bado alikwenda. Waimbaji wageni walibana vicheko. Sisi wa zamani tulitazama karatasi zetu tukamngoja arudi.

Nilimwimbia miaka kumi na minne, sauti ya pili, na mingi kati ya hiyo nilikuwa katibu wake. Ukiniuliza alizaliwa wapi au baba yake alikuwa nani, utanipata sina la kukuambia. Najua tu kwamba Desemba alipanda basi la kwenda magharibi, na Januari alirudi na kuku wa kukaushwa na hadithi nyingi zisizomhusu yeye. Tulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki katika shule yoyote. Kazi yake ilikuwa River Road, ghorofa ya pili, kwenye chumba cha uchapishaji kinachotoa kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti na, kuliko vyote, vijitabu vya mazishi. Alipanga kurasa kwenye kompyuta, akazikunja, akazibana pini. Alipenda kutuambia kwamba nusu ya Nairobi imepita mikononi mwake na wote walikuwa watu wazuri, hakuna hata mmoja aliyekuwa mlevi.

Kinanda hakukitaka. Alisema kinanda ni mkongojo, na anayeuzoea mkongojo miguu inasahau kazi yake. Alitufundisha kwa do-re-mi zilizoandikwa kwa herufi, mstari mmoja kwa kila sauti, na sauti ya kuanzia aliitoa kooni mwake, macho yamefungwa, kidole kimoja sikioni. Alikuwa na sikio la kutisha. Watu thelathini wakiimba, aliweza kukuambia nani amekula maharagwe ya jana. Mimi aliniambia mbele ya wote kwamba ninaimba kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Nililia nikiwa njiani kwenda nyumbani, na nikageuka nikamkuta nyuma yangu, ameubeba ule mkoba wenyewe, kwa maana nilikuwa nimeusahau ukumbini. Hakuomba msamaha. Alitembea nami mpaka mlangoni kwangu akizungumza habari za bei ya unga.

Alikuwa hivyo, mambo yake hayakupatana. Alikunywa chai bila sukari kwa ajili ya afya, kisha akala mandazi matatu yaliyonyunyiziwa sukari. Alichukia kusifiwa, lakini ukipita wiki bila kumsifu alinuna. Jumamosi alitoka kazini River Road akakata katikati ya mji kwa miguu, akaifuata Barabara ya Ngong mpaka kwenye maduka ya Adams Arcade, ndipo akapanda gari sehemu iliyobaki. Alisema nyimbo hazimjii akiwa ameketi. Watu waliomwona njiani, kichwa chini, vidole vikipiga mapigo kwenye paja la suruali, huenda walidhani anahesabu dhambi zake.

Huyo wa kufungua milango, hata hivyo, ni Mwalimu wa baadaye. Yule niliyemkuta mimi alikuwa wa kuifunga.

Mazoezi yalianza Jumamosi saa tisa kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa, na saa tisa kamili komeo lilisukumwa. Ukifika saa tisa na dakika mbili, ulisimama nje mpaka saa kumi na moja au ulienda zako. Hakujali wewe ni nani. Siku moja mchungaji mwenyewe alifungiwa nje na, kwa unyenyekevu au kwa aibu, akangoja kwenye kivuli cha tangi la maji. Mwalimu alisema Mungu aliumba dunia kwa siku sita na hakuna hata siku moja aliyochelewa. Tulicheka, na kusema kweli tuliipenda sheria ile, kwa maana ilitufanya tujione kwaya ya maana. Kazi ya kusukuma komeo ilikuwa ya yule aliyeketi mwisho wa safu ya sauti ya pili, karibu kabisa na mlango. Miaka ile aliyeketi pale nilikuwa mimi.

Shem aliimba sauti ya tatu. Alikuwa mlinzi wa duka moja pale Adams Arcade, mtu mzima mwenye mke na binti, mpole, mwenye sauti ambayo ukiisikia karibu nawe unajikuta umeacha kuimba ili usikilize. Hakuweza kuondoka kazini mpaka wa kumpokea zamu afike, na huyo wa kumpokea alikuwa hana saa. Mwalimu alilijua hilo. Alimpenda Shem kuliko sisi sote na alikuwa mkali kwake kuliko kwetu sote, nadhani kwa sababu hiyo hiyo.

Jumamosi moja mvua ilinyesha. Mtu ambaye hajaimba chini ya mabati mvua ikipiga hawezi kujua hali ile: unaiona midomo ya wenzako ikifunguka lakini husikii hata sauti yako mwenyewe. Mwalimu alituendesha kwa mikono tu. Katikati ya kelele hiyo nikasikia mlango ukigongwa mgongoni pangu. Mara tatu, kisha tena mara tatu, taratibu, kama mtu anayejua amekosa. Mkono wangu ukaenda kwenye komeo. Kule mbele Mwalimu hangeweza kusikia chochote, lakini aliuona mkono wangu. Akatikisa kichwa kukataa, mara moja tu. Nikaurudisha mkono kwenye karatasi na kuendelea kuimba.

Shem aligongwa na lori kwenye Barabara ya Naivasha, si mbali na kona ya kanisa, akirudi alikotoka, kofia ya koti la mvua imemfunika uso. Hakufika hospitali akiwa hai.

Kwenye ibada ya kumuaga ilisemwa kwamba ndugu yetu alikutwa na mauti akielekea kwenye kazi ya Bwana. Watu walifarijika sana na maneno hayo. Mkewe, Mama Eunice, alitikisa kichwa kwa kukubali, na tukaamini naye amefarijika. Mimi na Mwalimu tulisimama kando ya jeneza, hatua kama nne kati yetu, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Tulijua hakuwa akielekea. Alikuwa akiondoka, kwa kuwa amefungiwa.

Jumamosi iliyofuata komeo halikuwepo. Yalibaki matundu manne ya misumari kwenye mbao. Mwalimu hakueleza, na hakuna aliyeuliza, kwa maana wengine hawakujua kuna la kuulizwa. Kuanzia hapo ndipo alipoanza kusikia. Yeye ambaye hakuusikia mlango siku ile, akausikia miaka yote iliyofuata: ukumbini, kazini, nyumbani kwake. Wakati mwingine alisema "karibu" na wala hapakuwa hata na nyundo ya fundi. Mimi niliyeusikia kweli sikuusikia tena, na mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyepewa adhabu nafuu.

Sikuwahi kuzungumza naye habari hiyo, wala yeye nami. Tulizungumza kila kitu kingine: sare, nauli za ziara, nani amemkasirikia nani. Jumamosi akifika Adams Arcade kwenye matembezi yake, alisimama kwanza mbele ya lile duka akamsalimu mlinzi aliyekuwepo, yeyote yule, kwa heshima ya kumsalimu askofu. Nilimwona kwa macho yangu mara mbili nikiwa upande wa pili wa barabara. Nilijificha asinione.

Wimbo ulikuja mwaka uliofuata. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuandika nyuma ya karatasi zilizoharibika kazini, kwa hiyo ubeti wa kwanza tuliufundishwa kwenye makaratasi ambayo ukiyageuza unakutana na uso wa marehemu usiyemjua, rangi zimeruka, tabasamu limehamia shavuni. Nimetunza moja. Ubeti unasema:

Nimebeba mzigo, Bwana, nisioweza kuutua,
Nikilala nalala nao, nikiamka umeamka.

Na kiitikio:

Amani yako ina mlango gani?
Nionyeshe, Bwana, nije nibishe.

Tulipokifikia kiitikio sisi kwa mazoea yetu tukakiimba kwa shangwe, vichwa juu. Alitusimamisha. Alisema hilo ni swali, na anayeuliza njia hapigi makofi. Tukarudia, akatusimamisha tena. Ilichukua Jumamosi nzima mpaka tukaweza kuuliza bila kujifanya tunajua.

Ubeti wa pili aliuleta baada ya wiki nyingi:

Wengine wameingia, nasikia wakiimba,
Nami nje kwenye mvua nangoja kuitwa jina.

Wenzangu walisema ni mfano wa mwenye dhambi. Mchungaji aliuhubiri hivyo hivyo, mwenye dhambi nje ya neema. Mimi niliimba maneno yale nikiwa nimeketi hatua moja kutoka kwenye ule mlango, na kila nilipofika kwenye neno mvua, sauti ilinikauka. Mwalimu, ambaye hakuacha kosa lolote lipite, hilo alilipitisha.

Tulingoja ubeti wa tatu. Kila wimbo wa ibada una safari yake. Unaanza kwenye dhiki, unaishia kwenye ushindi, watu wanarudi nyumbani wakiwa wepesi. Tukimuuliza, alisema bado. Mwaka ukaisha, bado. Siku moja nilimbana tukiwa tunapanga viti. Akaniambia, "Katibu, mimi siwezi kukuelekeza kwa nyumba sijaingia." Kisha, kwa kuwa hakupenda mazungumzo yaishie pazito, akaongeza kwamba wimbo wa ibada si barua ya kuomba kazi, huwezi kuandika yale ambayo hujafanya.

Hapo ndipo nilipotenda kosa langu la pili.

Kwaya ilikuwa imejichangisha ikapata siku moja ya kurekodi, kwenye studio iliyoko River Road hiyo hiyo, juu ya duka la vifaa vya mabomba, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili zimeze mwangwi. Juma hilo Mwalimu aliitwa nyumbani kwa msiba. Aliniachia maagizo: beti mbili, kiitikio, mwisho. Tulipomaliza, kijana wa mitambo akavua vifaa vya masikioni, akaniita pembeni.

"Madam, hii ngoma ni kali, lakini imeishia hewani," alisema. "Mtu ako na stress anaskia swali, halafu inaisha? Jibu iko wapi?"

Watu wa kwaya walikuwa wamenizunguka, na wote waliona kijana amesema neno la maana. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi, kelele za River Road zikinijia kutoka chini, na kwa muda usiofika robo saa nikaandika:

Nimefika, nimebisha, umenifungulia, Bwana,
Mzigo wangu nimeutua, moyo wangu umetulia.

Nilisema nimeuandika kwa sababu ya redio. Si kweli. Niliuandika kwa sababu nilikuwa nimechoka, na nilitaka mambo yale yaishe. Nilitaka mtu afunguliwe, hata kama ni kwenye wimbo. Tukauimba mara mbili, kijana akasema hiyo sasa imeenda mahali, na kwenye orodha ya watunzi tukaandika jina la Mwalimu peke yake, kwa heshima.

Wimbo ule ukatembea. Kwaya nyingine zikauchukua, wakauongezea makofi na vinanda, kiitikio chake wakakiimba kama watu waliokwisha kufunguliwa zamani. Ukaimbwa harusini. Ukaimbwa sana mazishini. Watu walimsimamisha Mwalimu baada ya ibada, wamemshika mkono kwa mikono yote miwili, wakamwambia jinsi ubeti wa tatu ulivyowaokoa walipofiwa. Mgeni mmoja alimwalika azungumze na vijana juu ya namna alivyoipata amani. Mwalimu alimshukuru kwa adabu akasema Jumapili hiyo ana udhuru.

Nilimngoja anigombeze. Aliporudi kutoka msibani redio zilikuwa zimekwisha kuanza kuupiga wimbo, na Jumamosi ya kwanza aliandika ubeti wangu ubaoni kwa herufi za do-re-mi, sauti zote nne, kwa kusikia redio tu. Alirekebisha sauti ya nne iliyokuwa imelegea, na akaitenganisha sauti yangu ya pili mahali ilipokuwa inakanyaga sauti ya tatu. Akatufundisha ubeti huo kwa ukali ule ule, kana kwamba ni wake. Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa kuimba pamoja nasi kila neno, midomo ikitutangulia kidogo ili tusipotee. Kwenye ubeti ule midomo ilifungwa. Mikono iliendelea, mizuri kama kawaida, na uso ukabaki umefungwa mpaka tulipofika tena kwenye swali.

Adhabu mbaya zaidi niliiona kazini kwake. Familia zilizofiwa zilitaka wimbo ule uchapwe ukurasa wa mwisho wa kijitabu, chini ya picha ya marehemu. Kwa hiyo wiki baada ya wiki, Mwalimu aliyaandika maneno yangu kwa vidole vyake, moyo wangu umetulia, akayapanga katikati ya ukurasa, akayachapa nakala mia mbili, mia tatu, akayakunja.

Bosi wake alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa mtaani Ngara. Alirithi mashine kutoka kwa baba yake, ambaye picha yake ilining'inia juu ya kisu cha kukatia karatasi, imevishwa shada la maua, na kila asubuhi iliwashiwa udi. Mzee huyo hakuwa Mkristo wala hakujifanya, lakini wimbo aliujua neno kwa neno na aliuvumisha puani akikata karatasi. Siku moja nilikwenda kuchukua vijitabu vya nyimbo za Krismasi, na yeye akaniuliza kama mimi ni wa kwaya ya Mwalimu. Nikasema ndiyo.

"Dada, hii wimbo mimi nimesoma kuliko nyinyi yote," akasema, "sababu karatasi yote inapita hapa. Hii mbili ya kwanza ni ya Mwalimu. Hii ya tatu ni ya mtu anataka kuenda nyumbani haraka."

Mwalimu alikuwa palepale, anabana pini. Hakuinua kichwa. Alimwambia tu bosi wake aangalie vidole, kisu kimenolewa juzi. Nikashuka ngazi, vijitabu vya Krismasi nimevikumbatia, na sikurudi pale tena. Nikawa namtuma mtu mwingine.

Mwaka juzi moyo wake ulianza kumsumbua, wakamwachisha kazi, na kwaya akaniachia mimi. Aliishi nyumba ya chini, mlango ukitazama ua. Nilikwenda kumwona Jumanne moja mchana nikiwa na uji wa wimbi kwenye chupa. Nilimkuta kitini, amekonda, shingo imebaki ndogo ndani ya kola. Aliniuliza sauti ya kwanza inaongozwa na nani sasa, nikamwambia, akasema Mungu atusaidie. Tulicheka. Kisha akaliweka chini bakuli la uji.

"Katibu, siku yangu ikifika, waimbe beti mbili," akasema. "Ule wa tatu usiimbwe juu yangu. Nitakuwa nimelala hapo, siwezi kuinuka niwanyamazishe."

Nilianza kusema jambo, sijui lipi. Akainua mkono kama anavyoinua kuzuia sauti ya pili isiingie mapema.

"Najua ni wako. Nilijua ile siku ya kwanza, nikiwa kazini, redio ya duka la chini ikiupiga."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba angesema nini. Watu walikuwa wanalia kwa furaha. Asimame awaambie kwamba yeye mwenyewe hana hiyo amani? Kisha akaniambia kwamba alimwendea Mama Eunice.

Alikwenda kabla ya kuugua, mchana kama huu, akaketi kwenye kochi lake, akamwambia yote: kwamba Shem alifika, kwamba aligonga, kwamba yeye Mwalimu ndiye aliyekataa afunguliwe. Mama Eunice alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba alijua tangu juma lile la msiba. Mama anayeuza mboga mkabala na ukumbi alimwona Shem akigonga na kugeuka, akamjulisha. Miaka yote hiyo alikuwa anajua, ameketi nasi kanisani kila Jumapili, anatusikiliza tukiimba.

"Halafu akanipikia chai," Mwalimu akasema. "Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu, lakini si chai."

Nilimuuliza kama hapo alipata amani. Swali lilinitoka kwa haraka, kwa tamaa, nami nililiona hilo. Alilifikiria vizuri, kwa maana hakuwa mtu wa kukupa jibu la kukufurahisha. Alisema alipata usingizi, siku nne au tano. Kisha akaanza kusikia tena.

Nilipokuwa nafunga chupa ya uji ili niondoke, akaniita. "Habari ya mkono wako kwenye komeo sikumwambia," akasema. "Huo ni wako. Utaupeleka mwenyewe."

Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nikamwahidi na zile beti mbili. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na wakati huu hakuna aliyekuwa nyuma yangu.

Alifariki kabla ya mvua za masika. Ibada ya kumuaga ilifanyika kanisani petu asubuhi, gari likimngoja nje kumpeleka magharibi. Kanisa lilijaa mpaka uani, kwaya nne zilikuja. Nilikuwa nimewaambia waimbaji wangu wote mapema, nikawarudia tena kabla hatujasimama: beti mbili, kiitikio, tunyamaze. Tukaimba. Sijawahi kuwasikia wakiimba vile, hata yeye asingepata pa kutia mkono. Tuliuliza lile swali kwa sauti ya chini, Amani yako ina mlango gani, nikakunja vidole, kwaya ikanyamaza, na kanisa lote likakaa kimya mbele ya jeneza.

Ndipo Mama Eunice akaanza ubeti wa tatu. Alikuwa safu ya tatu, amesimama peke yake, sauti yake si ya kwaya, ni ya mama wa kawaida inayopanda na kukwaruza. Nimefika, nimebisha. Watu wakamfuata, kwanza wanawake waliokuwa karibu naye, kisha kanisa zima, na wa uani wakadaka. Niliinua mkono kuwazuia. Waimbaji wangu wakanitazama, midomo imefungwa, wakingoja niwaambie la kufanya. Nilikuwa nimemwahidi mtu aliyelala pale hatua mbili kutoka kwangu. Nikamtazama Mama Eunice, macho yake yamefumbwa, machozi yanamfika shingoni, na sikuweza. Nikashusha mkono, kwaya ikaingia, tukamwimbia Mwalimu uongo wangu mpaka mwisho.

Baada ya ibada nilimkuta kando ya geti, anajifunga kitenge upya. Aliniuliza mbona tulikatiza wimbo. Nikamwambia ukweli: ndiyo yaliyokuwa maombi ya marehemu, alisema maneno yale hayakuwa kweli kwake.

"Kwake, sawa," akasema. "Kwangu ilikuwa kweli siku alikuja akaketi kwa nyumba yangu akasema. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aseme. Singeweza kumwacha aende nimenyamaza."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikono ya joto, ngozi ngumu viganjani. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kusalimiana. Sijui anajua nini. Yule mama wa mboga alikuwa nje, hangeweza kuona ndani, lakini Shem alikuwa akimhadithia mkewe habari zetu nyumbani, nani anaketi wapi, nani anasukuma komeo.

"Uko na neno, Katibu?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Nikasema pole sana, Mama Eunice, Mungu awatie nguvu. Akaniachilia mkono, akaniambia asante, na mimi nikarudi ndani kukusanya karatasi za nyimbo.

Nyumba yake naijua. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, unapita nyuma ya kanisa. Bado sijaenda.